Nyumba Isiyotoa Moshi

Miaka yake ya mwisho baba alilala na koti. Halikuwa koti la kujifunika juu ya blanketi. Alilivaa, lile zito la mtumba lenye vifungo vikubwa, akajilaza nalo kama mtu anayesubiri kuitwa safari. Nyumba yetu iko Izigo, wilaya ya Muleba, ndani kabisa ya kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba. Ilijengwa kwa matofali ya kuchoma na kuezekwa bati bila dari, na juu ya kuta mafundi waliacha mianya ambayo mkono wa mtoto unapita. Mchana wa kiangazi bati lilituchoma. Alfajiri za masika ungeweza kuona pumzi yako.

Wakati huo nilikuwa Bukoba mjini, nikiuza katika duka la vifaa vya umeme la familia moja ya Kihindi, kati ya zile chache zilizobaki. Kila nilipokuja nyumbani nilimletea baba taa ya kuchaji. Alishukuru kila mara, akaiweka dirishani pamoja na zile nyingine. Mtu aliyekuwa anahitaji joto, mimi nilimletea mwanga, kwa sababu mwanga ndio tuliokuwa tunauza.

Alipofariki tulimzika kibanjani, nyuma ya nyumba, kisha ukoo ukakaa kuzungumzia nyumba. Mimi ni mtoto wake wa pekee, na ni binti. Kwa mila zetu kibanja cha ukoo hakimwendei binti kirahisi. Binamu yangu aliye Mwanza alishakuwa na mpango: avunje, ajenge vyumba vya kupangisha walimu. Lakini katika ukoo wetu neno linalosikilizwa ni la shangazi, dada mkubwa wa baba, anayeishi Maruku. Shangazi alisubiri wote wamalize, akasema:

"Binti akitaka kukaa, akae. Nyumba ikiwa na mtu, ni ya mtu huyo. Ikikaa tupu, mwakani tunampa kijana. Sitaki nyumba ya kaka yangu iwe ya popo."

Niliacha kazi nikahamia Izigo. Sikuwa na mtu mwingine duniani wa kuniambia nenda au usiende, na kama nisingeipata ile nyumba nisingebaki na mahali popote pa kuita kwetu. Hilo ndilo lililokuwa linaniamsha.

Sikusomea ufundi. Nilijifunza dukani kwa kufungua vitu vilivyorudishwa na wateja, halafu kwa kuangalia video kwenye simu mpaka macho yanawasha. Niliingia kwenye ile nyumba kama mwanafunzi anayeingia kwenye mtihani ambao hakuna aliyempa ratiba yake. Nilijaza mianya yote kwa udongo na chokaa. Nilipigilia dari ya mbao sebuleni, nikaibomoa, nikaipigilia tena kwa sababu mstari mmoja ulipinda kiasi ambacho hakuna mtu angekiona isipokuwa mimi, na mimi ndiye niliyekuwa naishi humo. Juu ya dari nililaza viroba vya maganda ya kahawa makavu, niliyoyachanganya na majivu na chokaa ili panya wasiyapende. Kila dirisha nililiongezea kioo cha pili kwa ndani, na pembeni nikaziba kwa mpira. Karibu na dari niliacha tundu dogo la hewa lenye wavu.

Upande wa nyuma, ambako kuna mibuni mifupi tu na jua linalifikia bati, nilifunga paneli za sola. Betri na inveta niliviweka chumbani kwa baba. Kwa siku za jua nilikuwa na jiko la presha la umeme, na za mvua mtungi mdogo wa gesi. Naanza maharage asubuhi, naweka ebitoke, ndizi zetu za kupika, juu yake, na kabla mawingu ya mchana hayajafika sufuria inaingia kwenye kikapu nilichokijaza majani makavu ya migomba na blanketi kuukuu, inamalizia kuiva humo yenyewe. Mafiga ya zamani niliyatoa nje. Ukuta wa jikoni, uliokuwa mweusi kwa masizi tangu sijazaliwa, niliupaka chokaa mpaka ukawa mweupe kama wa zahanati. Nikaweka mifereji na tangi la maji ya mvua, kwa hiyo hata kisimani sikuwa na sababu ya kwenda.

Usiku wa kwanza baada ya kumaliza, mvua kubwa ilinyesha. Nililala na gauni jepesi. Nilikaa kitandani nikiweka kiganja ukutani, ukuta ulikuwa una joto la mchana bado, na nikalia kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwambia, "Weka mkono hapa."

Nikangoja majirani waje. Kwetu mtu akihamia, watu huja, hata kama ni kwa uchunguzi tu. Nilifagia uwanja, nikanunua vikombe vipya, nikawa nafanya mazoezi ya salamu kwa sauti jikoni. Nilijua nitampigia nani magoti na nani tutasalimiana tumesimama. Hakuja mtu. Wiki zikapita hivyo. Nikaanza kujitafutia sababu, na mimi nikitafuta sababu huwa nazipata kwangu. Labda wamesikia kwamba nimekataa kumwachia binamu. Labda wanasema binti asiyeolewa anajifungia humo ana jambo. Sauti pekee iliyonisemesha nyumbani ilikuwa ya inveta, ikilia pii betri inapopungua, nami nikawa naijibu. "Nimesikia," naiambia. "Nakuja."

Ningeweza kutoka nikaenda mimi. Nililifikiria hilo kila siku nikiwa nimeshika kitasa. Lakini nilitaka kwanza nimalize kupaka rangi mlango wa mbele, maana wangeweza kuamua kunisindikiza wakauona ulivyo.

Kulikuwa pia na simu. Ukoo wetu una kundi lake, na mimi nilikuwa nimelizima lisitoe sauti, nikawa silifungui. Kila ujumbe wa pale ungeweza kuwa ule wa kuniambia nifungashe. Niliona namba ya jumbe zisizosomwa ikiongezeka, nikaigeuza simu kifudifudi mezani.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa asubuhi ile ya Jumamosi, mvua ikiwa imekatika, nilipoona alama ya unyevu kwenye dari yangu. Ilikuwa ndogo. Mtu mwingine angeiangalia akanywa chai. Mimi nilitoa ngazi. Nilijua ni boliti moja ya fremu ya paneli imelegea, na kweli ndiyo. Nilipaka silikoni, lakini ubao wa chini ulikuwa umeachia, kwa hiyo ilinibidi nitoe kila kitu upande ule na kuanza upya. Nilifanya kazi mpaka mchana. Kwa mbali, kupita migomba, nilisikia kwaya inaimba, nikadhani ni mazoezi ya Jumapili kule kanisani kwa Walutheri. Nikawa nagonga misumari kwa kufuata mwendo wa wimbo. Nasema haya kwa aibu, lakini nilikuwa na furaha. Ilikuwa kama nina wenzangu.

Kisha kwaya ikanyamaza, na mimi nikaendelea kugonga.

"Shuka wewe!" Sauti ya mwanaume kutoka kwenye migomba. "Shuka, na mikono yako niione!"

Nilishikilia fremu. Chini walikuwa wanaume wanne au watano, wamevaa nguo za heshima, suruali zimekunjwa kwa sababu ya matope. Mmoja alikuwa na panga. Mwingine alishika chepe lenye udongo mbichi.

"Niliwaambia," akasema mwenye panga. "Wezi wa sola. Nyumba ya marehemu wanaibandua mchana kweupe kwa kuwa wanajua wote tuko huko."

"Huyo si mwizi. Ana kilemba."

"Kwani mwizi hajui kufunga kilemba?"

"Mimi ni wa humu," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, maana nilikuwa sijaongea na mtu kwa muda mrefu. "Ni binti wa humu."

"Binti wa humu yuko Bukoba," akasema mwenye chepe. "Nyumba hii haina mtu. Tulisikia mafundi wakigonga, tukajua wameshaondoka. Tangu kiangazi haijatoa moshi."

"Nipo. Tangu kiangazi nipo."

"Unakula nini? Mbichi?"

Mmoja alicheka, akajizuia haraka, akaangalia nyuma. Mimi bado nilikuwa juu ya bati na nyundo mkononi, na hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu nyumba haionekani kutoka njiani. Kila mtu amezungukwa na migomba yake, na unajua jirani yupo kwa moshi unaopanda juu ya majani asubuhi na jioni. Moshi ukikosekana siku mbili watu huja kuuliza kama unaumwa. Ukikosekana tangu mwanzo, hakuna cha kuuliza. Mimi nimezaliwa humo humo. Jambo hili nalijua kama ninavyolijua jina langu, na katika hesabu zangu zote za joto na mwanga halikuniingia hata mara moja.

Kisha shangazi akatokea kwenye migomba, viatu mkononi, kanga amejifunga kiunoni. Sikujua kama yuko Izigo. Alisimama akaniangalia, hakunisalimia.

"Nilikutafuta kwa wanawake," akasema. "Nikadhani uko nyuma unamenya ndizi. Nikamwambia mwenye msiba, binti wa kaka yangu yumo humo humo, utamwona tu. Kumbe uko juu ya bati unagonga."

"Shangazi," nikasema, "nani amefariki?"

Mwenye panga alilishusha taratibu.

"Huyu hajui," akasema mwenye chepe. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti nyingine kabisa, akitia na "waitu" yetu ya heshima: "Mzee wa kibanja kinachofuata, waitu. Tumemfukia sasa hivi."

Yule mzee alikuwa rafiki wa baba. Baba alipoumwa, ndiye aliyekuwa anamletea maziwa asubuhi kwenye kibuyu. Siku ya kumzika baba ndiye aliyeshika jembe wa kwanza. Kwetu mtu akifa kijijini hakuna anayelima, hakuna anayejenga, hata anayepasua kuni kwa ajili yake mwenyewe hasikiki, mpaka mazishi yapite. Na mimi nilikuwa nimemsindikiza kaburini kwa nyundo.

Nilishuka. Shangazi akanipita akaingia ndani, nami nyuma yake, wanaume wakamfuata mpaka mlangoni. Alipitisha mkono ukutani. Akatazama juu darini, akaangalia jikoni kweupe. Mwenye panga alichungulia.

"Pana joto humu," akasema. "Hii si nyumba. Ni chupa ya chai."

Kule msibani kwaya ilikuwa imeanza tena. Shangazi aliurudisha mlango, akalisogelea dirisha, akalifunga. Kwaya ikakatika. Akalifungua, kwaya ikarudi. Akalifunga tena, akasimama hivyo, mkono juu ya kioo.

"Jana alfajiri mke wa mzee alipiga yowe," akasema. "Waliolisikia ni mpaka wa ng'ambo ya rweya."

Rweya ni ule uwanda wa nyasi unaotenganisha vijiji vyetu. Ni mbali. Kitanda changu na kitanda cha yule mama vimetenganishwa na migomba tu.

"Na kwenye kundi tuliandika," akaongeza.

"Sikulifungua."

"Kwa nini?"

"Niliogopa mmeandika niondoke."

Nilitamani anigombeze. "Nawa uso twende," akasema. "Ya nyumba tutayasema tukikaa. Leo sisemi kitu."

Nilikwenda msibani hivyo hivyo, silikoni kwenye vidole. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni, wakasogea nikapata nafasi, hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenisemesha. Nje kulikuwa na rundo la kuni. Kila mwanamke aliyekuja alitua mzigo wake pale kabla ya kuingia, na mimi nilikuwa nimepita mikono mitupu. Mama mmoja aliyekuwa anachochea moto aliuliza bila kuniangalia:

"Wewe kwako kuni hakuna?"

"Hakuna, waitu."

"Hata kijiti?"

"Situmii."

"Eeh," akasema kwa wenzake. "Anakula jua."

Walicheka kidogo puani, kama watu wanavyocheka msibani. Chama cha kuzikana kilinitoza faini ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kuni za siku zote za matanga. Nilikata matawi ya miti ya kivuli kibanjani, nikawa nabeba mizigo asubuhi kabla ya watu kuamka. Nililala kule msibani kwenye nyasi na wanawake wengine. Ilikuwa baridi, moshi wa jikoni ulinitoa machozi, na nililala fofofo kuliko nilivyowahi kulala kwenye chumba changu. Lakini nisidanganye kwamba tulikuwa marafiki. Walizungumza wao kwa wao kama sipo. Matanga yalipoanuliwa kila mtu alirudi kwake, na mimi nikarudi kwenye kuta zangu zenye joto, upweke ukiwa mbaya zaidi, maana sasa nilikuwa na kitu cha kuulinganisha nacho.

Mwezi uliofuata ukoo ulikaa, sebuleni kwangu. Nilikuwa nimesugua sakafu mpaka magoti yakachubuka. Binamu alikuja kutoka Mwanza na viatu vyeupe, akasema maneno machache, na yote yalikuwa ya kweli.

"Sharti lilikuwa nyumba iwe na mtu. Waulizeni majirani. Hakuna aliyejua kama ana jirani."

Wazee walinong'ona. Shangazi akamtuma mtu amwite mjane wa yule mzee. Nilitazama mikono yangu. Kama kulikuwa na mtu mmoja Izigo mwenye haki ya kuninyima nyumba, ni yeye.

Alikuja polepole, akakaa karibu na mlango, akakataa kiti cha ndani zaidi.

"Mama," shangazi akamuuliza, "wewe ndiye uliye karibu. Nyumba hii ilikuwa na mtu?"

"Moshi sikuuona," akasema mjane. "Hata siku moja."

Binamu alifungua mikono kama kusema, mnaona.

"Ngoja, baba, sijamaliza. Siku ile tunamwingiza mzee kaburini nilisikia nyundo. Nilikasirika, waitu, sifichi. Nikasema huyo ni nani asiye na haya. Siku za baadaye nimekaa tu, sina kazi, mnajua mjane hana kazi zaidi ya kukaa na kufikiri. Nikaifikiria ile nyundo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mwizi anabandua. Mpangaji anamsubiri mwenye nyumba. Yule alikuwa anapigilia, tena bila kupumzika, kama mwehu." Aligeuka akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Mtu ambaye si kwake hahangaiki hivyo."

Shangazi akawatazama wazee mmoja mmoja.

"Basi," akasema shangazi.

"Basi nini?" akauliza binamu.

"Basi nyumba ina mtu. Wewe jenga Mwanza."

Wazee walicheka, hata binamu mwishowe akacheka, akaanza kuuliza kuhusu paneli zangu. Chai ikanywewa kwenye vile vikombe vipya. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa woga mwingi kiasi kwamba furaha ilipotakiwa kuja sikujua niiweke wapi. Shangazi alipokuwa anaondoka alinishika shavu, akasema nilifungue lile kundi, hata kama ni kusoma vichekesho vya wajomba. Gari lao likaenda. Nikasikia inveta inalia chumbani.

Mjane alikuwa bado amekaa karibu na mlango, akisugua goti.

"Hiyo dari yako," akasema, akitazama juu. "Inaweza kuwekwa kwenye nyumba ya mtu mzima kama mimi?"

"Inawezekana, mama."

"Ni chumbani tu. Upande wa ukutani alikuwa analala yeye. Sasa baridi ya alfajiri inanifikia mimi moja kwa moja."

Nikaanza kumweleza habari za maganda ya kahawa, chokaa, na kwa nini viroba visigusane na waya. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa adabu. Kisha akasema, "Njoo upime kwanza."

Tulikatiza kibanjani, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma na futi mfukoni. Chumba chao kilikuwa kidogo na kitanda kilichukua karibu chote. Upande wa ukutani mto ulikuwa bado umebonyea. Nilimpa mjane ncha ya futi aishike kwenye kona, nikaivuta mpaka kona ya pili juu ya kitanda, tukawa tumesimama hivyo, kila mmoja na upande wake. Nilikisoma kipimo. Kilikuwa wazi kabisa, nami nilishakishika kichwani.

"Umepata?" akauliza.

"Bado, mama," nikamwambia. "Hebu shika tena."